Ukurasa Uliofunguka Mulekera

Miaka ile ya vita, barabara ya Butembo kwenda Beni ilifungwa mara kwa mara, na karatasi za masomo hazikuwafikia tena wauguzi wetu. Nilikuwa mwalimu katika shule ya uuguzi Butembo. Ndipo tukaweka masomo kwenye wiki, yaani tovuti ambayo walimu wengi wanaandika na kusahihisha kurasa pamoja, na muuguzi anazisoma kwa telefone popote penye rezo, mtandao wa simu.

Nilijivunia kazi hiyo mpaka rafiki yangu, mkunga wa Mulekera kule Beni, aliponipigia. Tulisoma darasa moja, naye huniita Yaya, ndugu mkubwa, kwa hiyo hakuzunguka maneno.

"Yaya, nikifungula page, telefone yote inajaa logo ya masomo, kisha majina ya balimu. Mama anatoka damu, na mi niko natafuta fasi, pahali muliandika dawa."

Niliumia, lakini alisema kweli. Sura ya kila ukurasa ilitoka kwenye modeli moja. Ukiibadilisha hiyo, kurasa zote zinabadilika. Nikaamua kuigusa mwenyewe. Nilisoma maelezo ya Kifaransa yaliyokuja na programu ya wiki, nikawa nafanya kazi mchana, jenereta ikiwaka.

Jaribio la kwanza liliniaibisha. Kurasa zote zikageuka nyeupe, hakuna hata neno moja. Mkurugenzi, aliyetumwa kwetu kutoka Kinshasa, akasimama mlangoni na kuuliza masomo yamekwenda wapi. Nikamwambia yapo, ila hayaonekani. Nikapitia maandishi ya modeli mstari kwa mstari hadi nikakuta mabano niliyoyafungua bila kuyafunga. Nikayafunga. Kurasa zikarudi.

Basi nikashusha nembo ya shule mpaka chini kabisa, pamoja na majina yetu walimu. Juu nikaweka kisanduku chekundu: "Fanya kwanza", na hatua zenyewe kwa Kiswahili, herufi kubwa. Mkurugenzi hakupenda. Wageni watajuaje, aliuliza, kama masomo ni yetu? Sikubishana naye. Nilimpa telefone yangu ndogo, nikamwomba atafute cha kufanya mama akitoka damu baada ya kuzaa. Kwa umbo la zamani, nililokuwa nimelihifadhi, alishuka na kushuka kwenye ukurasa hadi akapotea. Kwa umbo jipya alisoma hatua zote kwa sauti, akanirudishia telefone.

"Bon, sawa. Acha vile," akasema.

Haikupita muda mrefu, mkunga wa Mulekera akanipigia tena kunisimulia. Mama mmoja alikuwa amezaa, na damu ilikataa kukatika. Muuguzi pekee aliyekuwa naye alikuwa mgeni katika kazi. Mkunga alikuwa anakanda tumbo, hawezi kuachilia, kwa hiyo akamwambia mwenzake afungue telefone na asome. Yule akasoma kisanduku, akaandaa sindano, akaichoma, wakaenda hatua kwa hatua mpaka damu ikakatika.

"Mama na mutoto beko bazima," aliniambia. "Hatukutafuta kitu. Ilikuwa pale juu."

Nilirudi darasani, nikawasimulia wanafunzi, wakapiga meza kwa viganja mpaka mwalimu wa chumba cha pili akaja kuona kuna nini. Naye nikamsimulia, nikicheka na kulia pamoja. Juma hilohilo wauguzi wa mji wa Kanyabayonga wakaomba modeli yetu kwa ajili ya kurasa zao. Niliwatumia kabla hata sijanywa chai.