Mashine Tatu, Kitambaa Kimoja

Kitambaa cha bibi harusi kilitoka Goma, mita sita. Nilizipima mara mbili. Muuzaji aliapa hana kingine. Nikikikata vibaya, basi.

Vipimo vya wateja niliviweka kwanza kwenye daftari. Mvua ikalisoma lote. Nikahamia kompyuta moja ya mtumba, ikafa na viuno vya watu wote. Ndipo binti wa mdogo wangu, aliyesomea mambo hayo, akaniambia ninunue tatu: moja hapa Gisenyi, ya pili kwa mama yake Goma, ya tatu kwa shemeji Cyanzarwe, zote zikibeba vipimo vilevile. Nilianzia moja, nikapanda hadi mbili, hapo nikagoma.

"Mama mukubwa, we unahesabu vifungo mara mbili. Hesabu zikipishana unafanya nini?"

"Nahesabu tena."

"Bon. Ya tatu ndiyo hiyo."

Nikashindwa bei na mtoto niliyemfundisha kupatana.

Sheria yake ilikuwa fupi: namba haiandikwi mpaka mashine mbili kati ya tatu ziikubali.

Jumanne bibi harusi alipita Goma, mdogo wangu akampima kifua upya. Intaneti yake ikakatika. Akapiga simu akifoka.

"Yaya, dada yangu, mashine yako inanikatalia kama polisi wa mupakani. Haitaki kuandika."

Mimi nilikuwa karibu kurukaruka. Mashine ilijua iko peke yake, ikanyamaza! Ni watu wangapi nawajua wanaoweza hivyo? Saa nane intaneti ikarudi, akaandika 96, na kwangu ikatokea 96 palepale. Ya zamani ilikuwa 90.

Alhamisi asubuhi, mkasi mkononi, kompyuta yangu ikatoa harufu ya plastiki na kuzimika. Zamani ningekaa chini nilie. Nikapiga Cyanzarwe: 96. Goma: 96. Zilizobaki zilikuwa zinaendelea na kazi kana kwamba sijafiwa na chochote, na moyo wangu ukidunda kama cherehani. Nikawapigia tena wote wawili. Shemeji akauliza kama niko mzima. Nikakata simu, kisha kitambaa.

Jumamosi bibi harusi aliinua mikono yote miwili kucheza, na hakuna mshono uliolia.

Jumatatu nilikuwa kwa muuzaji wa kompyuta za mtumba. Akauliza, kwani mbili nilizobaki nazo hazitoshi? Nikamwambia apunguze bei, asinifundishe kazi.