Bushi za Katambuga

Salu Mihayo ni fundi wa matrekta na majembe ya kukokotwa hapa Bariadi. Ukimuuliza kazi yake, hujibu, "Natengeneza vitu vinavyokwenda polepole." Ndiyo maana mtaa mzima ulicheka aliporudi kutoka Nyalikungu akivuta kwa trekta, juu ya trela la pamba, gari la michezo la miaka ya sabini. Lilikuwa Datsun ya milango miwili, yenye pua ndefu kama ya mamba, ambayo warithi wa mfanyabiashara mmoja walikuwa wameigeuza banda la kuku. Kwenye kiti cha dereva tetea alikuwa anaatamia. Hakukubali kushuka, kwa hiyo naye akahamia Bariadi.

Mkewe Nyanjige, anayeuza dagaa wa Lamadi sokoni, alilizunguka gari akiwa ameshika kiuno.

"Baba Jenipha, hili gari au mzoga?"

"Ni gari la mbio, mama."

"Litakimbia na magurudumu ya nani?"

Salu akaanza kazi. Kila jioni alifungua kitu kilichochakaa, akakifuta, akakitazama kwenye mwanga, akakiambia, "Pole sana," ndipo akakitupa. Waya zote zilikuwa zimeliwa na panya, akaweka nyingine. Magurudumu akayatoa kwenye gari lingine bovu. Tangi la mafuta lilikuwa limeoza, akafunga dumu nyuma ya kiti. Pete za pistoni zilikuja kwa basi kutoka Mwanza, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Siku injini ilipowaka, ilikohoa moshi mweusi ukafunika dagaa wote wa Nyanjige waliokuwa wameanikwa, na Salu akakimbia uani akipiga vigelegele peke yake kama mama wa bwana harusi.

Nyanjige hakupiga vigelegele. Aliwaita vijana wa vyuma chakavu. Walikuwa wanalipimapima gari kwa macho pale Ngusa alipoingia uani.

Ngusa ni manju, yaani kiongozi wa ngoma, wa kundi la Bagalu. Kwetu, pamba ikishauzwa, Bagalu na wapinzani wao Bagika hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, hawa upande huu, wale upande ule. Hakuna hakimu. Upande utakaovuta watu wengi ndio umeshinda, kwa hiyo kila manju hutafuta kioja. Mwaka uliopita Bagika walileta fisi wa mbao, mwenye mtu ndani yake, anayeendesha baiskeli. Ngusa alibaki na wapiga ngoma wake, na mbuzi mmoja ambaye nadhani alikuwa amepotea.

"Shemeji," alimwambia Nyanjige, "niazime gari. Likiingia uwanjani, fisi wao atabaki anajitazama mwenyewe."

Nyanjige alifikiri, akawageukia vijana wa vyuma chakavu. "Njooni tena baada ya ngoma. Likivuta watu, litakaa hapa uani mpaka nizeeke. Likishindwa, mlibebe na kuku wake."

Salu alikubali. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki: bushi za mbele, zile raba za kwenye mikono ya magurudumu zinazozuia chuma kisigonge chuma. Za zamani zilikuwa zimelegea kama ugali wa juzi, na madukani hakuna aliyekuwa hata na picha yake. Akaenda kwa Maige, mchonga katambuga, anayetengeneza viatu kutokana na matairi. Akamwachia bushi moja ya mfano. "Nichongee nne kama hii."

Maige alizileta asubuhi ya ngoma yenyewe, ngumu, nyeusi, zimepigwa msasa mpaka zinang'aa. Ngusa alikuwa ameshaanza kupiga miluzi barabarani. Salu akazipachika haraka kwa nyundo, akafunga boneti, akamwambia Maige apande.

Walipoacha lami kuelekea uwanja wa ngoma wa Ngulyati, gari likainua bega la kushoto. Likalishusha. Likainua la kulia. Kisha likainamisha pua, kama mtu anayeitikia salamu. Salu akalisimamisha, akajitupa chini ya gari, akatoka na vumbi usoni.

"Maige! Kwa nini hazifanani?"

"Mbili za kushoto, mbili za kulia," Maige alisema kwa fahari. "Na kisigino nimekiacha kinene."

"Gari halina kisigino!"

"Kaka, tangu nianze kazi sijamtolea mtu katambuga ya kushoto na ya kulia zinazofanana. Ningeficha wapi uso wangu?"

Muda wa kuzitoa haukuwapo. Ngoma zilikuwa zinasikika tayari. Waliingia uwanjani Salu akiwa amejikunja kwa aibu nyuma ya usukani, kwa sababu watu wote walikuwa upande wa Bagika. Fisi mwaka huu alikuwa amempakia mkewe nyuma ya baiskeli. Nyanjige mwenyewe alikuwa upande uleule, anacheka mpaka anajifuta machozi.

Uwanja ule zamani ulikuwa shamba, na matuta bado yapo. Gari likagonga tuta la kwanza, likainua bega la kushoto. Tuta la pili, la kulia. La tatu, likainamisha pua. Mpiga ngoma mmoja wa Bagalu akaliona, akaanza kupiga kila bega linapopanda. Wenzake wakamfuata. Ngusa akaruka mbele ya gari, akacheza mabega ana kwa ana nalo.

"Mayu, mama wee!" mtu akapaza sauti. "Gari linacheza!"

Watu wakahama. Wengine walikimbia na viti vichwani. Vijana wa vyuma chakavu walifika kabla ya wote. Hata yule aliyekuwa ndani ya fisi alimtupa chini fisi, pamoja na mke na baiskeli, akaja kuona.

"Wananicheka," Salu alinong'ona, jasho linamtiririka.

"Kaza mwendo, kaka," Maige alisema. "Bega la kulia linachelewa."

Gari liliposimama mwisho wa matuta, mlango ukafunguliwa. Nyanjige akamsukuma Maige mpaka nyuma kwenye dumu la mafuta, akaketi, akafunga kanga vizuri.

"Mama Jenipha, usijali," Salu alisema. "Nitatafuta bushi za kweli hata Nairobi, litanyooka, litatulia kabisa..."

"Ziguse uone!"

Akainua bega lake la kushoto, akalishusha, akainua la kulia, kana kwamba analifundisha gari.

"Sasa zunguka tena," alisema, "na upitie matuta makubwa, pale mbele ya Bagika."

Salu akaingiza gia.