Mama alivyoipokea pikapu yangu

Leo kijiji kizima kimenipongeza kwa gari ambalo sina.

Asubuhi nilimpigia mama simu, yuko Izigo. "Mama, pikapu yangu imefika! Nakuja uione."

Jamani, mimi napiga gitaa la umeme, muziki mzito, na Bukoba nzima sijapata mwenzangu. Pikapu ya gitaa ni kisumaku cha kunasa sauti ya nyuzi. Nimehangaika peke yangu miezi mingi: nichukue ya kunguruma au ya sauti laini? Wa kumuuliza hayupo.

Nikachagua ya kunguruma.

Nashuka kwenye bodaboda, nakuta mikungu ya ndizi imepangwa barabarani. Magunia ya kahawa. Majirani wamevaa nguo za kanisani, wapige picha!

"Gari umeliacha wapi?" mama akauliza.

Nikatoa kiboksi mfukoni.

Wakachungulia ndani. Halafu kila mtu akajitwika mkungu wake, akarudi kwake.

Mama akabaki. Akaichukua pikapu, akaiweka sikioni.

"Mbona haisemi?"

Ndiye mtu wa kwanza kuniuliza kuhusu sauti yake.

Kama kuna mwingine Kagera anayepiga muziki huu, aseme hapo chini. Hata mmoja tu.