Siku Nilipokwenda Ole Kupima Kiuno cha Bibi Harusi

Fungate yangu ilikuwa imekwisha jana yake, hina ya mikononi bado inawaka, pale mavyaa wangu Bi Chumu, yaani mama wa mume wangu, aliponiwekea ungo mapajani akasema, "Chambua."

Hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kazini. Ndani ya ungo zilijaa shanga za kila rangi, nyingine ndogo kama mbegu za mchicha. Nilishituka. Mimi ni mtoto wa Kiuyu, kwetu watu wa nyavu na jembe, na hadi siku ile nilidhani shanga huzaliwa zikiwa zimeshatungwa. Kuchambua maana yake ni kuzitenga kwa rangi na ukubwa, halafu kuzitoa zile zilizoziba tundu na zile zenye ukingo mkali, kwa sababu ukingo mkali hukata uzi. Niliinamia ungo ule mpaka shingo ikaniuma. Bi Chumu akaja, akatia kidole, akaitoa shanga moja yenye makali niliyoipitisha.

"Hii ingemkatikia mtu ngomani," alisema. "Anza upya."

Miaka ile ya mwisho ya hamsini, pale Wawi, shanga hazikuwa biashara kwa nyumba yetu. Zilikuwa mchezo wa jioni. Karafuu zikishaanuliwa na Alasiri ikishasaliwa, watu wa nyumba walikaa ukumbini juu ya jamvi, kila mmoja na kazi yake. Bi Chumu alitunga. Mimi nilichambua, na baadaye nikapandishwa cheo nikawa natia nta, yaani kuuvuta uzi katikati ya pande la nta ya nyuki ili usioze kwa jasho wala mafuta. Hata mume wangu Faki alikaa nasi akirudi kazini. Alikuwa karani wa tajiri mmoja wa karafuu, akienda Ole kwa baiskeli kusimamia mizani, na mikono yake ilikuwa hodari kwa mafundo kuliko yangu. Tulitia shanga pembezoni mwa vitambaa vya kufunikia majagi, ili upepo usivipeperushe, na kwenye vipepeo vya kupepea moto na makawa ya kufunikia chakula. Tulicheka sana jioni zile. Nataka mlijue hilo kabla sijaendelea.

Kazi iliyomletea Bi Chumu watu mpaka mlangoni ilikuwa utunda, shanga za kiunoni anazovaa mwanamke chini ya nguo, zisizoonwa ila na mumewe. Bibi harusi hakuingizwa ndani bila utunda. Kipimo chake huchukuliwa kwa uzi mtupu, mwenyewe ameshakula na amekaa kitako, maana kiuno cha mtu aliyesimama na njaa si kile atakachoishi nacho. Bi Chumu alikwenda kupima mwenyewe siku zote. Mimi alinifundisha nyumbani, akinipimisha mito na magunia, na sharti lake lilikuwa moja.

"Ukenda kwa watu, mdomo wako uache mlangoni. Bibi harusi akisema, sikiliza. Weye usiulize."

Tulikuwa na mtoto mmoja, Rukia, ameshaanza kutembea, siku mjumbe wa kike alipokuja kutoka Ole. Nilikuwa kisimani. Niliporudi mgeni ameshaondoka, na Bi Chumu amekaa na ungo mbele yake, hachambui wala hatungi. Nilimuuliza kama anaumwa. Akasema haumwi.

"Kuna bibi harusi Ole, kwa Bi Zuwena," aliniambia. "Safari hii utakwenda weye."

Nilifurahi hadi nikaona haya. Asubuhi yake nilimwacha Rukia anakunywa uji, nikavaa buibui, nikapanda gari pamoja na wanawake wa jirani waliokwenda kuchuma karafuu. Njia nzima nilikuwa nikirudia kichwani namna ya kuupitisha uzi.

Bi Zuwena alikuwa mwanamke wa ukoo wa Kiarabu, mwenye nyumba ya mawe na mashamba aliyoachiwa na wazee wake. Alinipokea vizuri, akauliza hali ya Bi Chumu kama unavyomuuliza fundi unayemjua kwa sifa tu, kisha akanipeleka chumba cha ndani. Bintiye, Salma, alikuwa amewekwa ndani akisingwa, yaani akisuguliwa manukato ya harusi, mwili wote unanukia liwa. Rika langu, au mdogo kidogo. Mamake akatuacha. Nilimkalisha kwenye mkeka, nikaanza kuuzungusha uzi.

"Umeolewa, dada?" aliniuliza.

"Nimeolewa. Nna mtoto mmoja."

"Mwenzio nna hofu kidogo. Bwana mwenyewe kafiwa na mke."

Nilikumbuka sharti la Bi Chumu, lakini kunyamaza mbele ya msiba niliona ni utovu wa adabu. "Kafa kwa maradhi gani?"

"Uzazi. Yeye na mtoto wake. Mama alipohadithiwa alilia."

"Mungu awarehemu," nikasema.

"Amin. Mie kila nikishasali Magharibi namsomea Fatiha. Mama kanambia nimfanyie wema huko aliko, na nyumba yangu itapata baraka. Jina lake Mize."

Nikatabasamu. Jina hilo si geni kwetu. "Wajina wangu," nikamwambia. "Na bwana harusi ni nani?"

"Faki. Karani wa karafuu. Kwao Wawi, lakini mamake yuko Mombasa, hawezi safari. Tajiri wake ndiye aliyemletea posa."

Mikono yangu iliendelea kufanya kazi peke yake. Naikumbuka, kama mikono ya mtu mwingine, inautafuta mwisho wa uzi.

"Na huyo mtoto," nikauliza, "alikuwa na jina?"

"Rukia," alisema Salma.

Uzi ulinitoka. Niliuona umelala mkekani na sikujua wa nini. Mtu anayepata khabari ya msiba hulia, na anayepata khabari ya usaliti hukasirika. Mimi nilikuwa sina hata moja. Jambo pekee lililokuwa kichwani mwangu ni kwamba nilikuwa nimeshajiombea rehema kwa mdomo wangu mwenyewe, mimi na mwanangu.

"Mize ni miye," nilisema.

Salma alinitazama. Kisha alivuta kanga yake mpaka shingoni akasogea nyuma, akasogea tena, hadi mgongo ukagota ukutani. Hakupiga kelele. Alimwita mamake kwa sauti ndogo kama ya mtoto mwenye homa.

Bi Zuwena alinisikiliza amesimama. Nilipomaliza akauliza, "Una alama gani ya haya unayoyasema?"

"Mguu wa kushoto, kidole cha mwisho hana. Kilikatwa na jembe akiwa mdogo. Na mtoto yuko Wawi, njoo umwone."

Akakaa juu ya sanduku la nguo za harusi. Pengo hilo alikuwa amekwisha kuliona kila Faki alipovua viatu barazani.

"Nimekusanya watu nikamsomea hitima mtu hai," alisema. "Astaghfirullah." Halafu akamgeukia bintiye, wala si mimi. "Umri wangu wote wa ndoa nimekaa na mke mwenza. Nilimwambia yule bwana, mwanangu simtii kwenye ukewenza, mengine yote tutaelewana. Alitoka hapa kainama. Aliporudi ndipo akasema mke kafa."

Mtu atauliza iliwezekana vipi, Ole na Wawi zikiwa jirani vile. Nami nilijiuliza sana. Jibu ni kwamba Faki hakutaka uwongo ule uishi. Ulitosha ufike siku ya nikaha tu. Baada ya hapo mke angekuwa mke, na wanawake wangezoeana, kama ilivyokuwa desturi.

Bi Zuwena hakuniruhusu kuondoka na njaa. Nilikula chakula cha nyumba iliyokuwa ikijiandaa kumwoza mume wangu. Salma alikaa pembeni yangu. Hakula. Nilipovaa buibui alinisaidia kufunga.

Nilifika Wawi jua linaelekea kuzama. Rukia alikuja mbio akanishika nguo, nikampapasa uso, mabega, miguu, kama ninayemkagua. Bi Chumu alikuwa ukumbini.

"Umepima?" akauliza.

"Sikupima, Mama."

Akaniangalia, na hapo nikajua. Mshituko wa pili ulinikuta bado sijatoka kwenye ule wa kwanza. "Ulikuwa wajua," nikamwambia.

"Tangu alipokuja yule mjumbe. Kataja bwana harusi, kataja mkewe aliyekufa, kataja na mamake aliyeko Mombasa. Anasema nami uso kwa uso."

"Ukanipeleka mwenyewe."

"Ningekwambia, ungemuuliza mumeo. Naye angekana, na weye ungemwamini, kwani wampenda. Ningekwenda Ole miye, wangesema mama anamfitini mwanawe. Lakini maiti akenda kwa miguu yake, nani atabisha?" Akaufuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimemzaa miye, Mize. Sikuweza kulitia mdomoni."

Nilimchukia usiku ule. Nasema kweli. Nilimchukia kuliko Faki.

Faki, aliyekuwa bandarini na karafuu za tajiri wake tangu majuzi, alirudi kesho yake, khabari haijamfika. Aliegemeza baiskeli, akabisha hodi. Mamake alikuwa amekaa mlangoni.

"Karibu, mwanangu," alimwambia. "Nimesharudi Mombasa."

Alisimama pale pale na mkono kwenye nguzo. Alimtazama mamake, akanitazama mimi, akamtazama Rukia aliyekuwa akichezea shanga. Nilingoja aseme neno, lolote lile. Alikaa chini akavua viatu. Ole harusi ilivunjwa wiki ile ile. Mimi niliomba talaka yangu, akanipa bila ubishi, nikamchukua Rukia nikaenda kukaa eda kwa baba yangu Kiuyu.

Huko ndiko kilikokuwa kituo changu cha pili cha kazi, ingawa sikukiomba. Bi Chumu alinitumia ungo, nta na shanga, na maneno mafupi kwa mjumbe: "Mwambieni kwamba mke wa mwanangu hayupo tena, lakini mtungaji wangu yupo." Sikuugusa ungo ule kwa muda mrefu. Aliyeuanza ni baba. Jioni moja nilimkuta ameuinamia, na vidole vyake vikubwa vya kushonea nyavu vinaitafuta tundu ya shanga. Jirani walishangaa, mwanamme mzima na shanga. Yeye aliwajibu kwamba uzi ni uzi. Haukupita muda tukawa tunakaa nyumba nzima kama tulivyokaa Wawi, na wanaharusi wa kaskazini wakaanza kuja. Mmoja wao, baadaye, alikuwa Salma, akiolewa Wete na mtu ambaye Bi Zuwena alikwenda kumchunguza mwenyewe hadi kwao. Safari hiyo nilimpima nikamaliza.

Niliifanya kazi hii mpaka macho yaliponikatalia tundu ya sindano. Sasa Rukia ndiye anayetunga, na wanawe huchambua wakigombana juu ya rangi. Vijana huniuliza kama shanga zitarudi kuwa na heshima ile. Sijui. Najua tu kwamba kwa miaka mingi niliingia vyumba vya ndani vya watu, nikasikia yasiyosemwa ukumbini, na sharti la kutouliza nililivunja mara ile moja.

Lakini kilichonishitua kuliko Ole kilikuja siku alipokufa Bi Chumu. Nilifika mazikoni kama mtu wa mbali, nikakaa nyuma, maana nilikuwa mtalaka wa mwanawe na sikuwa na haki ya kukaa mbele. Bintiye mkubwa alitoka chumbani, akawapita wadogo zake, akawapita na mashangazi, akaja hadi nilipokaa.

"Ingia," aliniambia. "Mama kausia aoshwe na weye."

Nikavua viatu, nikaingia.