Asali ya mama mkwe juu ya kompyuta yangu

Jamani, nina kichefuchefu mpaka sasa.

Mnajua kompyuta zangu tatu hapa nyumbani Gongoni zinapiga hesabu za watafiti wa magonjwa kupitia intaneti. Hesabu ikikubalika napewa pointi. Hazinunui hata andazi, ni sifa tu.

Sasa wiki nzima ile ya sebuleni haipati pointi!

Nimebadilisha nywila. Nimefuta programu, nikaiweka upya. Wapi!

Leo nimeifungua. Yaani, ile harufu!

Asali. Sisimizi. Mende wamenasa humo, wengine bado wanachezesha miguu. Feni imenata, haizunguki. Kumbe mashine inachemka, inakosea hesabu, majibu yanakataliwa.

Mama mkwe, aliyekuja na ndoo ya asali kutoka Ipole, wala hakushtuka.

"Ilikuwa imeganda, baba. Nikaiweka juu ya hilo boksi lako, lina joto zuri."

Mkwe hafokewi. Nikameza hasira, nikachukua kitambaa niifute ile asali.

"Usiitupe! Inayovuja chini ya boksi huwa naikinga kwa bakuli, naichuja."

Ndugu zangu, asubuhi nimekunywa chai ya asali. Nikamsifia. Nikaomba kikombe cha pili.