Mhasibu wa Wahispania

Karatu mjini kuna wahasibu wa kutosha, na wengi wao ni watu wapole. Hyasinta hakuwa mmoja wa hao wapole. Alikuwa mkali, ana mdomo, na ofisi yake iliyokuwa ghorofani, juu ya duka la vipuri karibu na stendi, watu waliipandia ngazi wakijua kabisa kwamba watashuka wamesemwa. Ila alikuwa na kitu ambacho wenzake wote hawakuwa nacho: Kihispania kilimtoka mdomoni kama maji. Kwa hiyo kila Mhispania, kila Mmeksiko na kila Muajentina aliyefungua kambi ya mahema au kampuni ya kutembeza wageni kati ya Karatu na geti la Ngorongoro aliishia kwake, apende asipende.

Lugha hiyo aliipata kwa masista. Alipomaliza darasa la saba, baba yake alimtoa kijijini kwao Mbulumbulu akampeleka kukaa na masista wa Kihispania waliokuwa na zahanati, asaidie jikoni huku akisoma sekondari. Masista walikuwa na roho nzuri na ulimi mbaya. Walimgombeza kwa lugha yao kutoka sala ya asubuhi mpaka sala ya jioni, naye akajifunza kwa kugombezwa. Ndiyo maana hata alipokuja kuwa mhasibu kamili, cheti cha bodi ya wahasibu kikining'inia ukutani, Kihispania chake kilibaki kuwa cha kugomba, na kilimfaa sana.

Maana wateja wale walitaka mtu wa kugombana nao. Huko kwao, mhasibu ni mtu anayekubebea kila karatasi ya maisha yako. Walimletea kodi, na pamoja na kodi wakamletea kibali cha kuishi nchini, leseni ya gari, kesi ya jirani aliyesogeza uzio, na hata cheti cha chanjo ya mbwa. Akikataa, wananuna. Akiwaambia kwamba mamlaka ya mapato inataka risiti ya mashine, haitaki kikaratasi alichokiandika muuza mkaa, wanamuuliza yeye yuko upande gani. Na akienda ofisi za serikali kuwatetea, maofisa nao wanamwita Mama Spanish, tena si kwa mapenzi. Wote hao aliwachukia kwa kiasi kimoja, na kazi ilikwenda.

Lakini kuna jambo moja ambalo hakuna aliyewahi kumlaumu nalo, nalo ni siri. Karatu ni mji ambao ukinunua godoro leo, kesho unaulizwa unaoa lini. Katika mji wa namna hiyo, Hyasinta alikaa miaka na miaka akijua nani amefilisika, nani anamficha mke wake fedha na nani anajidai tajiri, na halikumponyoka hata neno. Wateja walilijua hilo. Hata wale waliokuwa hawataki kumwona walibaki kwake kwa sababu hiyo tu, na yeye alijivunia jambo hilo kuliko cheti.

Mteja wake mkubwa alikuwa Begoña, mwanamke wa makamo, mwembamba, mvutaji wa sigara, mwenye loji juu ya mteremko, huko mashamba ya kahawa yanakopakana na msitu. Na loji hiyo ndiyo iliyokuwa ikinunua mboga za Patrisi, mdogo wake Hyasinta wa tumbo moja, anayelima Mbulumbulu kwenye shamba la marehemu baba yao. Patrisi alipeleka karoti, letusi na brokoli, vitu ambavyo nyumbani kwake hakuna aliyevila. Hyasinta ndiye aliyewakutanisha, na hakuacha kukumbushia.

Ilikuwa katikati ya msimu, wageni wamejaa, vumbi la magari ya safari limetanda juu ya kila kitu, Begoña alipomwita loji akamkalisha mezani. Alimwambia kwamba anafunga. Ameshauza kwa kampuni inayotaka majengo yakiwa matupu, bila watu wala mikataba ya mtu yeyote. Wageni wakipungua tu, geti linafungwa. Wafanyakazi hawatajua mpaka siku hiyo, kwa sababu wakijua sasa wataanza kutafuta kwingine, na wageni hawatakuwa na wa kuwapikia. Hyasinta aanze kuandaa hesabu za kufunga, kimya kimya.

Hyasinta alijua kitu ambacho Begoña hakukijua, kwamba mpishi mkuu wa loji, naye akiwa gizani kama wenzake, alikuwa amemwambia Patrisi aongeze mboga, na Patrisi alikuwa mbioni kuuza maksai wake wa kulimia ili ajenge kitalu nyumba, kile kibanda cha nailoni cha kuoteshea mboga mwaka mzima. Loji nyingine zilikuwa na bustani zao na watu wao. Bila Begoña, brokoli ya Patrisi haikuwa na pa kwenda, na bila maksai hakuwa na cha kulimia mahindi. Kwa hiyo alimwomba Begoña ruhusa ya kumwonya mtu mmoja tu, ndugu yake wa damu. Alimweleza kila kitu kuhusu Patrisi, ng'ombe na kitalu. Begoña alivuta sigara yake mpaka mwisho, kisha akajibu kwamba kumwambia mmoja ni kuiambia Karatu nzima, na kwamba yeye humlipa mhasibu ili anyamaze.

Mtu mwingine angevunja siri. Tuseme ukweli, wengi wetu tungevunja, tena kabla ya kufika mjini. Hyasinta aliamua hatavunja. Alijiambia atamzuia Patrisi kwa njia nyingine, na Jumapili baada ya misa akapanda kwenda Mbulumbulu.

Sasa hapa lazima ieleweke desturi ya nyumba yao. Marehemu baba yao alikuwa na sheria moja ambayo hakuna mtoto wake aliyethubutu kuivunja: aliyekuja na habari mbaya hali chakula cha nyumba mpaka aitoe. Mtu akifika na msiba au ugomvi, hukaa na mikono magotini, sahani ikipoa mbele yake, mpaka aseme. Na akinawa akala, basi wenyeji wanapumua, wanajua hakuna baya alilolibeba. Mzee alikufa, sheria ikabaki. Hyasinta na Patrisi waliishika hata pale walipokuwa hawaelewani kwa lolote lingine.

Angelina, mke wa Patrisi, aliweka ugali, maziwa ya mgando na mboga. Hyasinta alianza kuzungukazunguka. Alisema kujenga kitalu si jambo la haraka, asubiri mwakani. Alisema nailoni huchanika. Alisema wazungu hubadilika. Patrisi alicheka, akasema wahasibu wote ni waoga, wangekuwa wakulima wangeogopa hata mvua. Kisha akaacha kucheka. Alimtazama dada yake, akaitazama sahani, akauliza.

"Dada, kule loji kuna jambo?"

"Mambo ya wateja siwezi kuyasema, Patrisi. Unajua."

"Najua. Sijakwambia useme."

Akamsogezea maji ya kunawa. Hyasinta alielewa vizuri sana alichokuwa anaulizwa. Akikaa bila kula, amesema. Itakuwa sawa na kupanda juu ya paa na kutangaza. Mikono yake ilikuwa magotini. Alimkumbuka Begoña, akaukumbuka uhasibu wake wote na lile jina zuri lililomgharimu maisha yake yote kulijenga. Akanawa, akala. Na kwa kuwa Patrisi bado alikuwa akimwangalia, aliomba aongezewe. Sikiliza, mimi ninayesimulia sina ugomvi na maadili ya kazi, lakini ile sahani ya pili siwezi kumsamehe.

Wiki hiyohiyo maksai waliuzwa mnadani. Kitalu kikasimama, cheupe, kikubwa, majirani wakija kukishangaa. Brokoli ya kwanza ilipokuwa tayari, Patrisi alikodi pikapu akaipeleka mwenyewe, amevaa shati la misa. Getini alikuta mlinzi mgeni asiyemjua. Wapishi walikuwa wamekaa nje kwenye majani na mabegi yao, wanalia, na ndio waliomwambia kwamba imekwisha, tena kwamba karatasi za malipo yao ya mwisho zilionyesha mhasibu alikuwa anajua tangu wageni walipokuwa tele.

Hakuangua kilio wala hakupiga kelele. Aliteremka mjini na pikapu yake, akapanda zile ngazi za juu ya duka la vipuri na kusimama mlangoni. Ndani kulikuwa na wateja.

"Ulikula," alimwambia.

Hyasinta alisimama, akaanza kusema habari za maadili, za bodi, za namna ambavyo angefutwa uhasibu. Patrisi alimsikiliza mpaka akaishiwa maneno, kisha akageuka, akashuka. Ile brokoli aliiacha chini mlangoni pa duka, ikaoza pale siku kadhaa kabla mwenye duka hajaizoa.

Basi ikawa chuki ya wazi. Angelina akaacha kupokea simu za wifi yake. Kipande cha shamba alichoachiwa Hyasinta na baba yao, ambacho majirani walikuwa wakimvunia kila mwaka kwa kusaidiana, safari hii hakuna aliyekigusa. Maharage yalipasukia juani, na alipopanda kwenda kuomba watu, kila nyumba ilikuwa na mgonjwa. Kanisani benchi lake lilipata nafasi, hakuna aliyetaka kukaa naye. Wapishi na wahudumu waliotoka loji, wengi wao watu wa kijiji cha Daa, walikuwa wakikutana naye sokoni wanatema mate pembeni. Na yeye hakuinama. Alitembea kifua mbele, akawajibu watu kwa ukali zaidi ya zamani. Mara moja tu alivunjika, tena mahali pabaya: alipokwenda kumalizia karatasi kwa Begoña, ambaye alikuwa akifungasha vyombo, akaulizwa kwa upole habari za nyumbani. Alilia. Alimsimulia yote, sheria ya baba, maji ya kunawa, sahani ya pili. Begoña alimkumbatia, akamwita shujaa.

Miezi ikapita. Siku moja akaja ofisini mteja mpya, Ximena, Mmeksiko aliyekuwa anafungua kambi ya mahema. Alikuwa mchangamfu, amevaa bangili za shanga mpaka kwenye kiwiko. Hakuuliza bei wala hakuuliza vyeti. Alisema kwa Kihispania kwamba hahitaji kuuliza chochote, kwa sababu habari za Hyasinta amezisikia Arusha kwenye chakula cha jioni cha Wahispania, na kila mtu pale mezani alisisimka. Yule mwanamke, alisema, aliyekula chakula cha ndugu yake mwenyewe huku akijua anamwangamiza, asitoe siri ya mteja. Hata sahani ya pili. Begoña anaisimulia vizuri sana, alisema Ximena, unaweza kuona kila kitu. Mhasibu wa namna hiyo ndiye anayemtaka.

Hyasinta alimwandikia miadi, akamsindikiza mpaka kwenye ngazi. Kisha alifunga ofisi mchana kweupe, jambo ambalo alikuwa hajawahi kulifanya, akachukua bodaboda mpaka Mbulumbulu. Njia nzima aliwaza jambo moja. Begoña, ambaye yeye alimtunzia siri mpaka akakosa ndugu, ndiye aliyeichukua siri yake yeye na kuigeuza kitafunio cha mezani. Alihisi amevuliwa nguo mbele ya watu.

Patrisi na Angelina walikuwa shambani, wanalima kwa jembe la mkono lile eneo lote ambalo zamani lililimwa na maksai. Walikuwa wamepanga mstari, wanasogea polepole, migongo imeinama. Kitalu nyuma yao kilikuwa kimebaki miti. Nailoni ilikuwa imeuzwa. Hawakuacha kulima walipomwona.

Hyasinta hakusalimia. Alimwaga yote palepale kwenye matuta. Alimtaja Begoña, akamtaja Ximena, akataja kambi inayofunguliwa na mahali inapofunguliwa, akaeleza kile chakula cha Arusha na waliokuwepo.

"Nilimlilia yule mwanamke," alisema. "Nilimpa la moyoni mwangu, na yeye ananitembeza nalo."

Patrisi alisimama, akaegemea mpini wa jembe. Ilikuwa mara ya kwanza kumtazama usoni tangu siku ile ya ofisini.

"Huyo Begoña bado ni mteja wako?"

"Bado. Hesabu zake za mwisho hazijafungwa."

"Na huyo wa mahema?"

"Atakuwa."

"Kwa hiyo haya unayoniambia ni mambo ya wateja."

Patrisi aliushika tena mpini kwa mikono miwili.

"Kumbe unaweza," Patrisi alisema. "Likikuuma wewe, unaweza."

Akainama, akaendelea kulima, na Angelina akaendelea pembeni yake bila kuinua kichwa. Hyasinta alibaki amesimama na viatu vyake vya ofisini kwenye udongo mwekundu, akingoja neno lingine. Walikuja na mstari wao taratibu mpaka majembe yakamfikia miguuni, ikabidi asogee.