Pengo la Mila na Fizi za Sukari

Uvumilivu uliniishia Handeni, ndani ya chumba changu cha tiba ya meno, mlango wazi, wagonjwa wakisikia. Kitini ameketi Yeyo Nasieku, mama wa Kimasai, amerudi tena na shida ileile: meno yanacheza, macho yana ukungu. Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa kituo, akachungulia pengo la meno mawili ya chini, akacheka.

"Hawa hung'oana meno wenyewe, mila yao. Mpe vidonge vya maumivu aende."

"Mzee, hayo ya chini aling'olewa utotoni. Yanayocheza ni ya juu. Umeyagusa?"

"Wewe binti una mtoto mchanga. Kazi huitaki?"

Yeyo akadakia, "Huyu baba anatazama mlango tu, ndani haingii." Foleni nzima ikaangua kicheko.

Kweli nilikuwa na mtoto wa kunyonya, na mshahara ule ndio uliotulisha. Lakini sikufundishwa kazi hiyo ya mlangoni, nyie mnaoanza tiba ya meno leo mjue. Nilimaliza kidato cha nne, nikasomea tiba ya meno, nikapangiwa Korogwe, enzi za ruksa, maduka ya dawa yanaota kila kona na watu wanajinunulia vidonge kama karanga. Siku ya kwanza Tabibu Mkuu wa Meno, mama wa Kisambaa asiyecheka ovyo, alininyima koleo la kung'olea. Akanipa kile kioo kidogo cha kutazamia mdomoni.

"Fizi zikitoa usaha na meno yakilegea, mwulize mtu: kiu ikoje? Anakojoa sana? Macho je?"

"Macho na meno wapi na wapi, mama?"

"Damu ni moja, mwanangu."

Wagonjwa wa Kilole na Makuyuni, hukohuko Korogwe, walinithibitishia. Sukari ikipanda, fizi huoza. Fizi zikioza, sukari nayo hukaidi kushuka. Ikikaa juu muda mrefu, hudhoofisha vimishipa vya nyuma ya jicho, vikavuja, mtu akapofuka. Wengi niliwawahi kwa kuanzia mdomoni, na kwa hilo natembea kifua mbele mpaka leo nimestaafu.

Basi siku ile Handeni nikamshika Yeyo mkono hadi maabara. Mkojo wake ukachemshwa na ile dawa ya bluu ya kupimia sukari, ukageuka rangi ya tofali: sukari imejaa.

"Nani kaagiza kipimo?" Mfawidhi akafoka.

"Mimi. Na macho yake nayapeleka kupimwa."

Majibu ya macho yaliporudi, niliandika kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, nikapeleka mwenyewe, karani akagonga mhuri nikimwona:

"Namlalamikia Mganga Mfawidhi wa kituo chetu. Mgonjwa wa sukari alirudishwa nyumbani mara kwa mara kwa sababu ya kabila lake, bila kufunguliwa mdomo sawasawa. Jicho la kulia limepotea. La kushoto linaona, na matibabu yameanza. Naomba Mfawidhi aitwe ajieleze. Niitwe na mimi, niyaseme haya mbele yake."